Faini ya Trafiki: Ulipe Yaishe, au Uipinge?

Shilingi 30,000. Kwa mwenye gari Tanzania Bara hiyo ndiyo bei ya kosa moja la barabarani, na naamini ni kiasi hicho hasa kinachotufanya wengi tulipe hata kosa ambalo hatukulitenda. Ingekuwa 300,000 tungetafuta wakili na kumpigia simu mjomba anayejuana na wakubwa. Ingekuwa 3,000 tungelipa huku tukicheka. Elfu thelathini imekaa palepale katikati: inauma, lakini haiumi kiasi cha mtu kuacha kazi akashinde kwenye benchi la mahakama. Bodaboda na bajaji walipunguziwa katika bajeti ya 2021, kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na kwao mtego ni uleule ila kwa kipimo chao.

Mimi nina Toyota IST na miaka 9 ya barabarani. Faini nimelipa nyingi kiasi cha kuona haya, nimepinga mara moja nikashinda, na mara moja nimelipa huku nikijua sikustahili. Binamu yangu, dereva wa daladala, amefika hadi kizimbani. Ninachokiandika hapa kimetokana na hayo pamoja na kusoma sheria usiku wakati hasira bado mbichi. Ni habari za Bara. Zanzibar wana sheria yao ya barabara na utaratibu wao.

Ile karatasi ni kitu gani

Afande akishakusimamisha, akatazama leseni, akazunguka gari na kuingiza namba zako kwenye mashine yake ya mkononi, kinachotoka si hukumu. Ni taarifa ya kosa. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ile ya 1973, polisi anakutuhumu halafu unabaki na njia mbili: ukubali ulipe kiasi kilichoandikwa, au ukatae na shauri liende mahakamani. Hana mamlaka ya kukutia hatiani kando ya lami. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Na makosa ya barabarani ni jinai, hata hili la taa ya breki isiyowaka.

Wengi hatuishi kwa kanuni hiyo kwa sababu mazungumzo yenyewe huwa mafupi mno. Afande: "Dereva, nakuandikia." Sisi: "Afande, naomba unisamehe." Hapo pana jambo. Sisi huomba radhi kabla hatujajua tumekosa nini. Ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akikuita kwa sauti kali unaanza na samahani ndipo unauliza. Nyumbani ni adabu. Barabarani umeshakiri. Kama huoni kosa lako, baki na heshima ileile lakini badilisha maneno: "Afande, pole na kazi. Naomba unionyeshe kosa." Mtu akiomba kuonyeshwa hajabisha. Na kama kosa lipo ila ni dogo, tuseme balbu imeungua njiani, omba onyo waziwazi. Askari anaweza kukuonya akakuachia, na nimeona wengi wakifanya hivyo pale dereva anapoongea kama mtu mzima badala ya kutaja majina ya wakubwa anaowajua.

Upande wa kulipa

Kulipa kuna sifa moja kubwa: kunaisha. Unapata namba ya malipo ya tarakimu 12, unaiingiza kwenye simu au unaenda kwa wakala wa benki, ujumbe unarudi, basi. Hakuna kupanga foleni wala kumwona mtu. Fedha inaingia kwenye mfumo wa malipo ya Serikali na deni linafutika. Ukitaka uhakika, fungua tms.tpf.go.tz, weka namba ya gari au ya leseni, utaona kama bado unadaiwa.

Ila kuna saa inayohesabu. Una siku 7. Ukizipitisha, faini inaongezeka kwa robo: 30,000 inakuwa 37,500. Makosa mawili kwenye karatasi moja ni 60,000, na robo yake ni 15,000, bei ya kuweka mafuta kidogo kwenye IST yangu. Kibaya zaidi ni kwamba deni halikai kwenye droo ya mtu. Linakaa kwenye namba ya gari. Askari yeyote, mkoa wowote, akiingiza namba hiyo anaiona, na gari lenye madeni linaweza kuzuiwa hapohapo mpaka ulipe. Nimewahi kumwona baba mmoja amesimamishwa na familia nzima ndani ya gari, mzigo wa harusi juu, anapigia watu simu mmoja baada ya mwingine kukopa hela ya faini za mwenye gari wa zamani. Alinunua gari bila kukagua deni. Ukinunua gari la mkononi, kuangalia faini ni sawa na kuangalia maji kwenye rejeta.

Kwa gari la ofisi au la tajiri, hesabu inakuwa tofauti kidogo. Deni linaonekana kwenye namba ya gari, si kwenye uso wako, na mwenye gari atakukata mshahara bila kuuliza nani alikosea. Dereva wa namna hii akinyamaza kwa siku 7 anakuwa amekubali mara mbili: mbele ya polisi na mbele ya bosi.

Unapoteza nini ukilipa? Nafasi ya kusema hukukosa. Malipo yale hayazai hukumu, na pasipo hukumu hakuna cha kukatia rufaa. Nimeshasikia watu wakisema, "Nitalipa kwanza gari liende, kisha nitalalamika." Unaweza kulalamika, sawa, lakini unalalamika ukiwa umeshakubali, na kurudishiwa fedha iliyokwishaingia Serikalini ni safari ndefu kuliko ile uliyokuwa unaikwepa.

Kama kosa ni lako kweli, sioni sababu ya kuzunguka. Ulikuwa 71 ndani ya kibao cha 50, picha ipo, na moyoni unajua: lipa siku hiyohiyo. Hakimu hafungwi na ile 30,000. Ukienda mahakamani na kesi mbovu unaweza kutoka na adhabu kubwa kuliko ya karatasi, na kwa makosa mazito ana uwezo wa kugusa hata leseni.

Upande wa kupinga

Watu wakisikia "kupinga" wanaona kizimba. Kumbe kupinga kuna ngazi, na ya mahakama ndiyo ya mwisho.

Ya kwanza ni palepale barabarani, na inahusu ushahidi tu. Chukua tochi. Kila aliyewahi kusafiri kutoka Dar kwenda Morogoro au Segera anaijua: askari mmoja yuko kwenye majani au chini ya mwembe na kifaa cha kupima mwendo, anapiga picha, anaituma kwa simu kwa wenzake walio kilomita kadhaa mbele, nao wanakusimamisha ukiwa umeshasahau. Haki yako ya kwanza ni kuiona picha hiyo. Usiitazame kwa hasira, isome. Namba ya gari inasomeka yote au herufi moja imefunikwa na matope? Mwendo umeandikwa? Saa inaendana na muda uliopita pale? Kuna gari jingine karibu nawe kwenye picha? Na kibao cha 50 kilikuwa wapi? Sheria inaweka 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na magari mazito ya zaidi ya kilo 3,500 pamoja na mabasi yana ukomo wa 80 hata nje ya makazi, lakini nyingi ya kesi za tochi zinasimama kwenye kibao: kilipoanzia na kilipoishia. Kama kimeangushwa au mti umekimeza, rudi ukipige picha siku hiyohiyo. Kesho kinaweza kuwa kimesimamishwa upya, na wewe utabaki na hadithi.

Wenye mabasi ya mikoani wana silaha ambayo sisi wa magari madogo hatuna. Kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo kinarekodi basi lilikuwa wapi na lilikimbia kiasi gani. Dereva wa basi aliyesingiziwa mwendo anaweza kuomba rekodi hiyo kwa tajiri wake. Bila shaka rekodi hiyo hukata kuwili.

Ngazi ya pili ni ofisini: mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, yule tunayemwita DTO, na juu yake RTO wa mkoa. Hii ndiyo ngazi watu wanairuka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote, hasa pale kosa lilipo kwenye maandishi na si kwenye uendeshaji. Mimi nilikuta deni kwenye mfumo la mwendo kasi katika mkoa ambao gari langu halijawahi kukanyaga. Siku iliyoandikwa, gari lilikuwa gereji, injini imeteremshwa, sisemi kwa mfano. Nilikuwa na risiti ya vipuri yenye tarehe, na fundi alikuwa ameniandikia karatasi ya kupokea gari. Nikaenda ofisini mara mbili. Mara ya kwanza mhusika hakuwapo. Ya pili, ofisa aliyenipokea aliniomba nikae, akafuatilia picha, ikaonekana: herufi ya mwisho ya gari lile ni G, ya kwangu ni C. Mtu aliyeingiza namba alikuwa ameona kilichofanana. Deni likaondolewa. Nilitumia nauli, asubuhi mbili na kopi chache. Sikumwona hakimu wala sikupandisha sauti. Nadhani kutopandisha sauti kulisaidia kuliko risiti.

Ngazi ya tatu ni mahakama, na hapa lazima niwe mkweli kuhusu urefu wake. Ukikataa kosa unaweza kupelekwa kituoni na kuandikwa maelezo. Makosa haya yana dhamana, na sheria inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au aachiwe kwa dhamana, kwa hiyo tafuta mdhamini mapema, mwenye kitambulisho na simu inayopatikana. Mahakamani utasomewa shtaka na kuulizwa swali moja: ni kweli au si kweli? Hapa chunga ulimi. Ukisema "ni kweli mheshimiwa, lakini..." hakimu anaweza kusikia lile la kwanza. Ukitiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, sheria hairuhusu rufaa dhidi ya hatia hiyo. Unabaki na malalamiko juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake. Kama unakataa, sema "si kweli", nyamaza.

Baada ya hapo kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena. Kuna siku ya hoja za awali, kisha siku ya mashahidi. Askari aliyekuandikia ndiye shahidi mkuu, na wewe una haki ya kumuuliza maswali. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana. Wakimaliza, hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Kama huna, unaachiwa bila hata kujitetea. Kama unayo, unajitetea, unaleta mashahidi wako, unasubiri hukumu. Ukishindwa na hukuridhika, taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Jambo moja limepunguza hofu: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Zamani mtu alikaa kizimbani akisikia Kiingereza kinampita juu ya kichwa kama ndege. Leo shtaka lako unalielewa, na kwa kesi ya kibao cha 50 unaweza kusimama mwenyewe bila wakili ukiwa na picha zako na mpangilio wa maswali.

Binamu yangu alisimama. Aliandikiwa kushusha abiria pasipo kituo, naye anasema alisimama kwa sababu askari mwingine alikuwa ameinua mkono kupitisha watoto wa shule. Alikwenda mara nne. Shahidi wa mashtaka hakutokea siku za kusikilizwa, na mwishowe hakimu akaifuta kesi. Ushindi? Ndiyo. Lakini siku hizo nne gari alimwachia deiwaka, na tajiri hakumsamehe hesabu hata ya siku moja. Nilipomuuliza kama angerudia, alisema angerudia, kwa sababu alikuwa anaomba kazi kwenye mabasi ya mikoani na hakutaka kuanza na jina lenye doa. Ukiondoa hiyo sababu, alisema, angelipa na kulala.

Ukiziweka mbili hizo pamoja

| | Kulipa | Kupinga |
|---|---|---|
| Fedha | 30,000 kwa kosa (10,000 kwa pikipiki na bajaji), inapanda kwa robo baada ya siku 7 | Ofisini: nauli na kopi. Mahakamani: nauli kila tarehe, siku za kazi, pengine wakili |
| Muda | Dakika chache | Ofisini siku moja au mbili. Mahakamani wiki au miezi |
| Unahitaji nini | Simu yenye salio | Picha, risiti, shahidi, na uvumilivu |
| Hatari | Umekubali kosa, hakuna pa kurudi | Adhabu inaweza kuzidi ile ya karatasi. Usipotokea tarehe yako unatafutwa kwa hati ya kukamatwa |
| Gari | Linaondoka | Linaweza kuchelewa, na deni linaweza kuendelea kuonekana mpaka jambo liishe |

Kitu ambacho jedwali halisemi ni umbali, na kwangu umbali ndio huamua nusu ya mambo. Kesi husikilizwa pale kosa linapodaiwa kutendeka. Ukiandikiwa Kinondoni na unaishi Kinondoni, tarehe tatu za mahakama ni asubuhi tatu. Ukiandikiwa Singida ukiwa safarini kwenda Mwanza, na nyumbani ni Mbagala, tarehe tatu ni safari tatu za basi kwenda na kurudi, malazi, na bosi anayeuliza unaumwa nini. Ndiyo ile mara moja niliyolipa bila kustahili. Kibao kilikuwa kimelala chini kwenye majani, nikakipiga picha, nikamwonyesha askari, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hayo nitayaeleza mahakamani. Nilipiga hesabu nikiwa nimeegemea bodi ya gari. Nauli ya safari ya kwanza peke yake ilikuwa inaizidi faini. Nikalipa, nikatuma picha ile kwa ofisi ya mkoa nikiwa na maelezo mafupi ya mahali kibao kilipo, nikaendelea na safari. Sijui kama kilisimamishwa, ila nilijisikia nusu mtu badala ya robo.

Kwa hiyo maswali yangu ni matatu, na huyauliza kwa mpangilio huu. Nimekosa? Kama ndiyo, nalipa. Kama sijakosa, nina kitu cha kushika mkononi, au nina hasira tu? Hasira haiingii kwenye faili. Na nikiwa nacho, je, ofisi ya DTO inaweza kulimaliza kabla ya mahakama, na mahakama hiyo iko wapi?

Kukiwa na ajali, sahau yote hayo

Hapa ndipo msimamo wangu unageuka kabisa. Kwa ajali, hata ya kugusana bampa, usichukulie karatasi ya faini kama bei ya kuondoka eneo la tukio. Utazungukwa na washauri: "Kubali tu, utalipa faini ndogo, bima itamalizana naye." Mwenye bima ndogo anaambiwa hivyo, mwenye bima kubwa anaambiwa hivyo, na wanaosema si lazima wawe na nia mbaya. Tatizo ni linalofuata. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inasema hukumu ya jinai iliyofikia mwisho, muda wa rufaa ukiwa umepita, ni uthibitisho kamili kwamba mtu huyo alikuwa na hatia. Maana yake ni kwamba ukikiri uendeshaji wa uzembe mahakamani ili yaishe haraka, ukatiwa hatiani, halafu miezi sita baadaye mwenzako akafungua madai ya mamilioni kwa gari na matibabu, mlango wa kusema "mimi sikuwa na kosa" umejifungia mwenyewe.

Kwenye ajali pinga kama una sababu, na kama huna uhakika, usikiri mpaka umeona ramani aliyochora askari na umezungumza na kampuni yako ya bima. Piga picha za magari kabla hayajasogezwa, za alama za matairi, za barabara pande zote mbili. Andika namba za simu za waliokuwapo. Shahidi wa ajali huyeyuka ndani ya dakika kumi. Kama kuna majeruhi, kwanza hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mengine yatafuata. Na ajali yenye kifo, au mtu aliyekutwa na kilevi zaidi ya miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, hiyo haimo tena katika ulinganisho huu. Hayo huenda mahakamani moja kwa moja, na wakili si anasa.

Na ile njia ya tatu

Sote tunaijua. "Tunamalizanaje?" Wakati mwingine anayeuliza ni askari, na tuwe wakweli, mara nyingi zaidi anayeuliza ni dereva, noti imeshakunjwa ndani ya leseni. Hesabu yake inavutia: elfu tano au kumi badala ya 30,000, bila mfumo na bila siku 7.

Iweke basi kwenye mizani hiyohiyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimwangalii mpokeaji peke yake. Aliyetoa na aliyepokea wote wana kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Umeuza kosa la barabarani ukanunua kosa la rushwa, tena bila risiti, na kilomita ishirini mbele kuna askari mwingine ambaye hana habari kwamba umeshamalizana na mwenzake. Nimewahi kumbeba abiria aliyenisimulia kwamba akiendesha gari lake alitoa "ya maji" mara tatu kati ya Chalinze na Gairo kwa taa ileile mbovu. Alipojumlisha, balbu mpya ingebaki na chenji. Ukiombwa na hutaki kutoa, omba uandikiwe. Kwa kawaida maneno "niandikie tu afande, nitalipa kwa simu" huyafupisha mazungumzo. Ukitaka kuripoti, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Ukiwa bado hujaamua

Usikae na karatasi kwenye dashibodi mpaka jua liifute maandishi. Zile za mashine hufutika haraka kuliko unavyodhani. Ipige picha usiku huohuo. Hakikisha vitu vinne: namba ya gari, jina na namba ya leseni, mahali na saa, na kosa lenyewe lilivyoandikwa. Nusu ya kesi zinazostahili kupingwa zinaonekana hapo, kwenye herufi iliyokosewa au mahali ambapo hukuwapo. Kisha ingia kwenye mfumo uone kama kilichoandikwa kule ni kilekile cha kwenye karatasi, kwa sababu nimeona karatasi yenye kosa moja na mfumo wenye mawili.

Siku ya pili au ya tatu nenda ofisini kama una hoja. Usisubiri ya sita, maana ofisa anaweza kuwa kwenye msafara, kwenye mafunzo au mahakamani kwa kesi ya mtu mwingine. Wakikusikiliza na kulifuta, usiondoke na ahadi ya mdomo. Fungua simu mbele yao, ingiza namba ya gari, uone deni limetoka. Wakikataa, bado una siku nne hivi za kulipa bila robo ya ziada, au za kutafuta mdhamini.

Ile risiti yangu ya vipuri, ya siku injini iliposhushwa, ninayo hadi leo. Imefifia, tarehe inasomeka kwa kuinamisha kwenye mwanga. Fundi ananicheka kwamba natunza karatasi ya gasketi kama cheti cha ndoa, lakini kila ninapoacha gari gereji siku hizi yeye mwenyewe ndiye anayeniuliza: "Nikuandikie ya kupokea?"